Sifuri Toa Tatu

Benchi la pale kwa Dobi lina mguu mmoja wa tofali, na mtu akicheka sana linatikisika, wenzake wanamwagikiwa kahawa. Jumatatu ile hakuna aliyecheka mwanzoni, maana Dobi mwenyewe alikuwa amenuna. Alisimama mlangoni kwake anapiga pasi, analikandamiza shati la watu kana kwamba limemtukana. Wa kijiweni wanamjua: akinuna Jumatatu, ujue mtoto alikuja Jumamosi na jambo halikwenda sawa. Binti yake, darasa la tano, anakaa kwa mama yake, na mama ameshaolewa na mtu mwingine, fundi wa lifti kwenye jengo refu la ofisi. Kila Jumamosi mtoto huletwa na mkoba wake wa shule, Dobi anamfundisha hesabu juu ya meza ya pasi, na hiyo ndiyo starehe yake ya wiki nzima.

— Nawauliza, akasema Dobi. Sifuri toa tatu, ngapi?

— Haitoki, akajibu Kinyozi papo hapo.

— Umeona! Haitoki! Unaazima kwa jirani.

— Na kama jirani hayupo? akauliza Injinia, ambaye uinjinia wake ni wa redio, na redio zenyewe bado zinakoroma.

— Hayupo, unaandika haitoki, unakwenda zako kucheza. Sasa mtoto ananiambia, "Anko anasema inatoka." Anko, huyo mume wa mama yake! Kwenye meza yangu, kwa penseli niliyoichonga mimi, ananiletea Anko!

— Inatoka nini? akauliza Mama Birika, anamimina kahawa.

Dobi akaweka pasi pembeni. Akashusha sauti.

— Hasi tatu.

— Hasi… ya kuhasi? Kinyozi akauliza taratibu, akivuta magoti pamoja.

— Si ndiyo nami nashangaa! Mtoto wa kike, darasa la tano, anafundishwa mambo ya kuhasi?

— Toba! akasema Mama Birika.

— Ngojeni, ina akili hiyo, akasema Injinia. Ukimhasi fahali, umemtoa kitu, lakini ng'ombe bado kasimama. Kwa hiyo hasi tatu ni maksai watatu.

— Wametoka wapi, na zizi lilikuwa tupu? akauliza Mama Birika.

— Ndiyo maana wana hasira.

Benchi likatikisika, kahawa ikamwagika kwenye suruali ya Kinyozi. Dobi hakucheka.

— Mimi naliangalia kikazi, akasema Kinyozi akijipangusa. Mwenye upara akikaa kwenye kiti changu, nimtoe nini? Nikiendelea natoa ngozi, ananipeleka polisi.

— Hata mimi, akasema Mama Birika. Birika likiisha nikaendelea kumimina, nyie mtakunywa?

— Nyie mnacheza, Injinia akasema. Hii ni njama ya watu wa lifti. Jengo likiishia chini, vitufe vinakuwa vichache, mafundi hawana kazi. Wakachimba chini ya sifuri, wakapata vitufe vipya. Hizo hesabu wamezitunga wao!

— Ndiyo! Dobi akadakia, sauti inamkwaruza. Kampandisha kwenye lifti! Kamwambia hapa mapokezi ni sifuri, haya, bonyeza, tushuke. Wakashuka mpaka maegesho ya chini kabisa, kitufe cha hasi tatu. Mtoto ananisimulia, macho yanamng'aa. Na mimi nimpandishe nini? Pasi?

Roho ilikuwa inamuuma Dobi, na wala hakujaribu kuficha.

— Hata nguo za mtoto, akaendelea, jamaa anazipiga pasi mwenyewe. Nazikagua mpaka kwenye pindo, sioni kosa! Basi nikamwambia binti yangu, baba akisema haitoki, haitoki. Akanitazama, akarudisha penseli kwenye mkoba. Nikajua tu, huyu yuko upande wa Anko.

— Hodi hapo.

Mwanamume mrefu, ovaroli ya bluu, mikono ina grisi. Dobi alimtambua kabla hajasimama vizuri, na kwa jinsi Dobi alivyokaza taya, benchi nalo likamtambua.

— Karibu, baba, Mama Birika akasema. Kahawa?

— Ahsante mama, sikai. Akamgeukia Dobi. Kaka, samahani kukufuata kazini. Ni mtoto.

— Ana nini?

— Mzima. Ila leo wamepewa zoezi, sifuri toa tatu. Kaandika haitoki. Mwalimu kampiga mkasi, kakosa.

Dobi akahisi furaha inampanda mpaka kooni, furaha ya ovyo kabisa, ya mtu aliyefunga bao. Akawageukia wenzake wamwone. Kila mmoja alikuwa anachungulia kikombe chake.

— Nikamwuliza, fundi akasema, si tulishuka wote mpaka chini? Akasema, jibu analijua. Lakini baba yake kasema haitoki. Anatakiwa asahihishe, kagoma. Mama yake kambembeleza, wapi. Sasa kaka, nimwambie, "Baba yako kakosea"?

Kinyozi akamtazama Injinia. Injinia, mwenye nadharia ya kila kitu chini ya jua, akaomba kahawa nyingine. Dobi alimwangalia yule bwana kwa makini, akitafuta pa kumchukia, akakuta mtu aliyechoka, ambaye hata nguo za kazi hajavua.

— Mtoto ndiye kakutuma? akauliza Dobi hatimaye.

— Hapana. Kaniomba nisikwambie kabisa.

— Kwa nini?

Fundi akajipangusa mikono kwenye ovaroli, ingawa grisi ilikuwa imeshakauka.

— Kasema mimi nina mtoto mwingine nyumbani, mdogo wake. Wewe unaye yeye tu.