Madam Radhia na Goli Lililokataa Kuanguka

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa sita mchana, Madam Radhia Chatti, mwalimu wetu wa elimu ya viungo, atakabidhi ufunguo wa stoo ya michezo na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Mitatu aliitumikia milimani Kasserine, kwenye uwanja ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa na mawe mengi kuliko wanafunzi. Thelathini na miwili ameitumikia hapa Moknine, Shule ya Hay Zitouna, akiwafundisha watoto wa miaka kumi na miwili hadi vijana wenye ndevu wa bakaloria, ule mtihani wa kumaliza sekondari.

Kamati ya sherehe iliponiomba mimi, Faouzi wa hisabati, niandike wasifu huu, nilidhani wamekosea jina. Nikaambiwa ni Madam mwenyewe aliyenitaja. Hapo nikajua sina pa kukimbilia.

Tuanze na sahani. Mlangoni mwa uwanja Madam aliweka sahani ya udongo iliyofinyangwa na wafinyanzi wa mji wetu, na hakuna mtoto aliyepita bila kutia humo hereni, bangili, saa na mkufu. Chingamu nazo zilitemwa hapohapo, kwenye karatasi.

"Madam, hereni hizi ni za marehemu bibi yangu!" msichana mmoja alilalamika.

"Na sikio ni la nani?" akaulizwa. Hereni zikaingia sahanini.

Halafu kulikuwa na vita vya vyeti. Kila mwaka, baridi ikianza, wazazi huleta vyeti vya daktari vya kuwasamehe watoto wao michezo. Madam alivisoma vyote, mstari kwa mstari. Mwenye maradhi ya kweli alitafutiwa zoezi lake, awe wa pumu, awe wa moyo, na hakuna aliyeachwa akae ukutani kama mzigo. Lakini siku alipoletewa cheti cha goti kilichosainiwa na daktari wa meno, alikwenda nacho hadi kliniki na kuuliza kwa adabu jino gani huota gotini. Mwaka ule vyeti vilipungua kwa nusu.

Asubuhi za baridi wanafunzi walipenda kujaza matumbo kwa lablabi, ile supu ya dengu na mkate, kisha waje kukimbia. Alipiga marufuku jambo hilo baada ya tukio ambalo sitalieleza, kwa heshima ya wasomaji walioshika sahani za chakula. Na ikiwa Ramadhani, vijana waliotaka kujionyesha kwa kukimbia kwenye jua kali na midomo mikavu aliwakalisha kivulini, wakanyoosha viungo polepole. "Swaumu ni ya Mungu," aliwaambia, "mita mia nane ni zangu. Msivichanganye."

Nasi walimu hatukupona. Katika mechi ya walimu na wanafunzi ya mwaka 2005 alituamuru tupashe misuli moto kwa robo saa. Mwandishi wa wasifu huu alijibu kwamba mtu mzima hapashwi moto kama mabaki ya jana. Dakika ya nne kigimbi changu kilichanika, nikaondolewa uwanjani nikiwa nimebebwa na darasa langu mwenyewe, huku Madam akinifunga mguuni pakiti ya njegere zilizoganda kutoka jikoni. Alitabasamu tu, na tabasamu lile liliuma kuliko kigimbi.

Lakini kazi kubwa ya Madam Radhia ilianza Novemba 1996, na haikuanza kwa kicheko. Magoli yetu ya mpira wa mikono yalikuwa ya chuma kizito, wala hayakufungwa popote, kwa sababu kila asubuhi yalisukumwa kando ili shule nzima ipange mistari ya kuinua bendera. Nizar Ghedira, mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliruka akaning'inia kwenye mtambaa panya, kama walivyofanya watoto wote na baba zao kabla yao. Madam alikuwa upande wa pili akipima miruko ya wenzake. Aliposikia kishindo na kugeuka, goli lilikuwa limelala na Nizar yuko chini yake. Bega lilivunjika, na taya pia. Mtoto yule alikula kwa mrija wiki sita. Leo ni mzima, tunamshukuru Mungu, ana duka la vyungu na watoto wawili.

Mji mzima ulikubaliana kuhusu chanzo cha ajali: jicho la husuda. Jumamosi ya kabla yake Nizar alifunga mabao matano, na jirani mmoja alimsifia mbele za watu bila kusema mashallah. Kwa hiyo mlinzi wetu wa wakati ule, Ammi Hmida, Mungu amrehemu, alichora khomsa, ule mkono wa buluu wenye vidole vitano, kwenye kila nguzo ya goli. Juu yake akaning'iniza mkia wa samaki mkavu. Mkuu wa shule wa enzi hizo alikuja, akatazama, akaridhika. Magoli yakarudishwa mahali pake, na watoto wakarudi kuning'inia kwa imani kubwa zaidi kuliko mwanzo.

"Ammi Hmida," Madam alimwambia, "jicho lipo, sibishi. Lakini goli lilimwangukia mtoto kwa sababu halikufungwa."

"Mungu atalifunga, binti yangu."

"Mungu keshatupa saruji, Ammi."

Kuanzia mwaka uliofuata aliandika barua kila Septemba akiomba magoli yachimbiwe ardhini. Barua kumi na saba. Majibu yalikuja mawili, na yote yalimtaka aandike upya. Alipoweka mifuko ya mchanga juu ya vyuma vya nyuma, wachezaji waliiondoa ili wapate nafasi. Alipoyafunga kwa waya, waya ulikatwa asubuhi kwa ajili ya bendera. Yeye akarudia. Watu wengine wangechoka, na wengi wetu tulichoka kwa niaba yake.

Februari 2014 upepo uliangusha goli moja wakati wa mapumziko. Lilianguka pale ambapo, dakika moja nyuma, wasichana wa mwaka wa saba walikuwa wakiruka kamba. Safari hii Madam hakuandika barua. Aliyalaza magoli yote mawili kifudifudi, akayafunga ukutani kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na kipenga chake.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Moknine bila mpira wa mikono ni kama meza isiyo na mkate. Timu ikakosa mazoezi, wazazi wakaja juu, vijana wakaimba nyimbo za kumtania getini. Mkuu wetu, Bwana Abdelwaheb, au Si Abdelwaheb kama tunavyomwita, alimwita ofisini na mlango ukabaki wazi, kwa hiyo tulisikia.

"Madam, hii ni shule, siyo gereza. Fungua magoli!"

"Si Abdelwaheb, siku yatakaposimama bila kufungwa, nitakaa chini yake mimi. Wewe utachagua kama utanitoa au utaliacha goli linitoe roho."

Walimu tisa waliandika barua ya kutaka achukuliwe hatua. Sahihi ya tatu ilikuwa yangu. Sababu yangu ilikuwa ndogo, na ninaona aibu kuitaja: vijana wasio na mpira walikuwa wakipiga kelele chini ya dirisha langu nikifundisha hesabu. Madam akapewa muda hadi mwisho wa likizo ya machipuko. Magoli yasimame, ama yeye afike mbele ya kamati ya nidhamu, na kila mtu alijua maana yake: kuhamishiwa mbali, akiwa na mama mgonjwa kitandani nyumbani kwake.

Madam aliisoma ile barua ya onyo mara mbili. Ilisema magoli yasimame. Haikusema yasimameje.

Likizo ilipoanza alikuja na mumewe Jalel, fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na sururu, mchanga na mifuko ya saruji. Wakachimba mashimo manane, kila moja la sentimita themanini, manne kwa kila goli. Nilipita pale siku ya pili nikamkuta yumo shimoni hadi nyonga, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza, mbele ya watu, ni nani anayezikwa. Watu walicheka. Yeye akanitazama, akasema, "Hakuna, inshallah," kisha akaendelea kuchimba.

Shule ilipofunguliwa, magoli yalikuwa wima na mistari ya bendera ikalazimika kuyazunguka. Si Abdelwaheb alikasirika zaidi. Shtaka likabadilika, sasa likawa kuharibu uwanja wa serikali, na kamati ikapangiwa wiki moja baada ya mtihani wa michezo wa bakaloria.

Kisha ikafika Aprili, na siku ya dakhla. Msomaji wa Moknine hahitaji kuelezwa jinsi darasa la bakaloria linavyoingia shuleni siku ya kwanza ya mtihani wa michezo: ngoma, moshi wa rangi, nyimbo, na lile bango kubwa la kitambaa waliloshona kwa siri wiki tatu. Mwaka ule bango lilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili. Ruhusa iliyotolewa ni kulitundika kwenye roshani ya ghorofa. Vijana walikuwa na mpango wao: walilipandisha kwenye goli.

Nilikuwa dirishani. Niliwaona wakipanda, watano, kumi, kumi na tisa, wamekaa juu ya mtambaa panya na wengine wamesimama, wameshika kitambaa. Upepo ukaja ukalijaza bango. Chini yake, katikati kabisa ya goli, wasichana wanne walikuwa wameketi wakipiga ngoma za darbuka. Mmoja wao alikuwa Yosr, binti yangu.

Sikumbuki ngazi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nakimbia, na kichwani nafanya hesabu nisiyoitaka: vijana kumi na tisa mara kilo sitini, ongeza upepo. Si Abdelwaheb alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kichwani.

Bango lilivuta. Vijana waliinama wote upande mmoja. Goli halikusogea hata kidogo.

Kipenga kikalia mara tatu. Madam Radhia alikuwa tayari chini ya nguzo, amewatoa wasichana wanne kwa mkono mmoja kama anayetoa vifaranga njiani.

"Achieni kitambaa kwanza! Kiachieni kiruke! Sasa shukeni, wa pembeni kwanza, mmoja mmoja!"

"Madam, halitingishiki!" kijana mmoja alipaza sauti toka juu, anacheka.

"Najua! Nimelichimbia mwenyewe! Shuka!"

Nilimfikia nikiwa sina pumzi. Nilitaka kumwambia kuhusu sahihi yangu, kuhusu maneno yangu pale shimoni, kuhusu Yosr. Nikasema tu, "Madam, nisamehe."

"Niombe msamaha kesho, Si Faouzi," akajibu, macho yakiwa juu. "Leo pokea miguu ya huyu."

Nikapokea miguu ya huyo, na ya aliyefuata. Alihesabu kwa sauti hadi kumi na tisa. Mmoja alichubuka kiganja. Wa mwisho alipokanyaga ardhi, Madam aliketi palepale kwenye saruji yake akalia kwa nguvu, na darasa zima la bakaloria likamzunguka likaanza kuimba jina lake. Walimbeba begani mara mbili kuzunguka uwanja. Si Abdelwaheb alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu, na jioni ileile aliondoa shtaka kwa kalamu yake mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha, shule mbili jirani zilikuja kuazima vipimo vya Jalel.

Basi hayo ndiyo mafanikio yake, na ndiyo maana ni vigumu kuyaandika. Makombe tunayo saba, yako kabatini, kila mtu anayaona. Lakini tangu siku ile ya Nizar hakuna mtoto hata mmoja aliyelazwa hospitali kutoka kwenye kipindi cha Madam Radhia. Maelfu ya watoto waliruka, walikimbia, walianguka, wakasimama, wakaenda nyumbani kula. Hawajui walichoepushwa. Wazazi wao hawajui. Kwenye daftari la ajali, Aprili 2014 imeandikwa neno moja: hakuna.

Kesho yake sikuomba msamaha. Niliona haya, nikasema nitamwomba wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa nyingine. Madam hakunikumbusha wala hakunipunguzia salamu, miaka kumi na mmoja. Nadhani ndiyo sababu akanitaja kwa kamati. Basi, Madam, ile kesho uliyonipa imefika leo, mbele ya walimu na wanafunzi wote: nilikosea, nisamehe. Na Yosr, ambaye ana miaka ishirini na tisa na anakuja kwenye sherehe kwa miguu yake mwenyewe, anasema ahsante.

Kwa niaba ya Hay Zitouna nzima, pumzika, Madam wetu. Mungu akupe afya, akulindie Jalel na nyumba yako, na asubuhi zako ziwe ndefu na bila kengele. Tulikuwa salama mikononi mwako. Uwe salama nasi.