Baba Yupi? Jalada Lililomnyima Utulivu Sajenti Bundala

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, ingawa mtu tunayemkumbuka leo mwenyewe hakuwa mtu wa viti. Januarius Bundala, Sajenti Bundala wa upelelezi, ametutoka Jumanne iliyopita hapa Bariadi, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Januarius Bundala, mpelelezi wa polisi, ametutoka Jumanne.

Mkewe, Mama Nyamizi, anasema hajawahi kumwona mumewe akimaliza chai akiwa ameketi. "Anakunywa huku anatembea. Nilikuwa namwambia, baba Elina, hiyo chai haikimbii, kaa unywe!" Mama alicheka aliposimulia, halafu akashika shavu. Akaniambia hakuolewa na mtu wa namna hiyo. Aliolewa na mtu mtulivu, mcheza bao. Lililomharibu ni jalada moja.

Ni mwaka tisini na tano, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa milango. Zamani ushirika ulinunua peke yake. Sasa kampuni binafsi zinaingia vijijini na magari mapya, kila moja na mizani yake na mpima wake. Wakulima walifurahi, kisha wakaanza kuigombania hiyo mizani. Kule upande wa Lalago, mpima mmoja, jina lake Mashimba, alizozana na mkulima mchana kweupe. Akapigwa fimbo ya kichwa, na kesho yake akafa.

Jalada alikabidhiwa Sajenti Bundala. Kituo chake kilikuwa na Land Rover moja, nayo ilikunywa mafuta pale yalipopatikana. Lakini kampuni iliyomwajiri Mashimba ilileta gari, dereva na tangi lililojaa. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: mtu akamatwe leo.

Shahidi aliyekubali kusema alikuwa mmoja tu, Minza, binti wa miaka ishirini aliyekuwa kwenye foleni na furushi lake la pamba. Bundala, mzaliwa wa Sola, alimhoji kwa Kisukuma na kuandika kwa Kiswahili. Nani amempiga Mashimba? Minza akajibu, "Baba." Dereva anapiga honi. Bundala akamgeukia mwenyekiti wa kijiji, akauliza jina la baba yake binti. Akaambiwa ni Maduhu. Akaandika: baba yangu mzazi, Maduhu. Minza hajui kusoma. Akaweka dole gumba. Hakusomewa maelezo yake. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: hakusomewa.

Maduhu alikamatwa jioni ile, anashuka kwenye baiskeli. Alisema siku ya tukio alikuwa Migato kwenye maongezi ya mahari ya mpwa wake. Bundala akaliandika na hilo. Ila kwenda Migato kuhakikisha kulitaka gari. Mafuta ya kumkamata mtu yalipatikana. Ya kumhakikisha, kampuni ikasema wao si sheli. Maduhu akaenda mahabusu kwa kesi ya mauaji, kesi isiyo na dhamana. Kila akifikishwa mahakamani anasikia maneno yale yale: upelelezi haujakamilika. Miezi mitano ikapita hivyo.

Siku moja Bundala anatoka kituoni, anamkuta Minza getini na hotipoti ya ugali, amepita kuulizia kesi kabla ya kumpelekea baba yake mahabusu.

"Mwangaluka, afande," binti akasalimia kwa kupiga goti.

"Mwangaluka. Umefikaje na mvua hii?"

"Nimeletwa na baba, kwa baiskeli. Yuko pale sokoni, anaogopa kufika hapa."

Bundala akacheka. "Baba gani tena? Baba yako si yuko ndani?"

"Huyu ni baba Thomasi, mkubwa wao. Wako watatu, afande. Thomasi, Maduhu na Masele. Wote ni baba."

Kicheko kikakatika. Kwetu huku ndugu wa baba ni baba, na Bundala alilijua hilo tangu ananyonya. Alilijua, na hakuuliza. Akasema, taratibu, "Minza. Yule baba aliyempiga Mashimba, ni yupi?"

"Masele. Si nilisema? Nilisema baba. Hukuniuliza yupi."

"Sasa mbona umenyamaza miezi yote hii, mzazi wako yumo ndani?"

"Nilidhani mmemshika badala ya mdogo wake, mpaka apatikane. Si ndivyo mnavyofanyaga? Nikija kaunta naambiwa upelelezi bado. Nikajua bado mnamtafuta Masele."

Masele alikuwa ameshahama siku ile ile ya tukio. Hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Bundala aliazima baiskeli akaenda Migato mwenyewe. Wazee wa mahari walimthibitishia: Maduhu alikuwa kwao siku mbili, alikula mbuzi wao. Akarudi, akamweleza mkuu wake wa upelelezi. Mkuu akafunga mlango. "Andika kwamba shahidi amegeuza maelezo. Ukijiandika wewe, utamwaga unga."

Bundala alielewa maana yake. Maduhu angetoka, na Minza angeingia kwa kuwadanganya polisi. Kwa sentensi moja angebaki na cheo chake, na binti asiyejua kusoma angelipia. Akatoka nje, akazunguka kituo mara tatu, askari wenzake wakimtazama kama amepandwa na kitu. Akarudi na kuandika: "Shahidi hakugeuza neno. Kosa ni langu. Sikuuliza baba yupi." Alivuliwa V moja, akawa koplo. Mpaka anastaafu hakupanda tena, ingawa sisi raia tuliendelea kumwita Sajenti.

Maduhu alipoachiwa, Bundala alimsindikiza mwenyewe hadi kijijini. Walipofika uani Maduhu akauliza, "Umeyasema haya mbele ya wakubwa wako?"

"Nimesema."

"Basi yaseme na hapa. Huku ndiko ninakoitwa muuaji."

Watu wakaitwa, wakaja na sungusungu wao. Bundala akasimama na magwanda yake, akasema kwa Kisukuma, bila kumung'unya maneno, kwamba Maduhu hakuua na aliyekosea ni yeye. Wengine waliguna. Maduhu akafuta uso kwa kiganja, akamwambia mwanawe alete maji ya kunywa, mgeni amepigwa jua.

Pale nyuma alikuwa ameketi mama mmoja, Milembe, mama yake Mashimba. Akasema, "Haya, huyu mmempa jina lake. Na mwanangu je?"

"Namtafuta aliyemuua, mama."

Hapo ndipo utulivu ulipomtoka kabisa. Mama Nyamizi anasema likizo zote za mumewe zilimalizwa na Masele. Aliposikia ameonekana Geita, alikwenda. Aliposikia yuko Kahama machimboni, alikwenda. Alikwenda Migato kuwauliza wale wazee wa mahari, hata mkewe hakumbuki mara ngapi. Alistaafu, bado anakwenda. Hakumpata, wasikilizaji wapendwa. Hakumpata.

Alhamisi tulipomzika, Mama Milembe aliletwa ameshikwa mikono na wajukuu. Macho hayaoni tena. Mmoja wa waombolezaji, kwa nia njema, akamweleza kwamba marehemu ndiye yule askari aliyeshindwa kesi ya mwanawe. Bibi akamkatiza. "Kila mwaka alikuja kwangu kuniambia hajapata. Wewe ulishawahi kuja?" Akainama, akapapasa udongo, akautupia kaburini.

Kwa Mama Nyamizi, kwa Elina na ndugu zake, pokeeni pole zetu, tunalia nanyi. Kwako Mama Milembe, pole ambayo imechelewa miaka mingi. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja na kalamu yake au mdomo wake: ni nani tumemwandika vibaya, na ni lini tutasimama uani kwake kusema hivyo? Mimi ninaye wa kwangu. Nikizima kipaza sauti hiki, naenda kwake.