Mzee Castory Bitaliho na Kioo cha Kulia

Mzee Castory Bitaliho alianza kazi hapa Kiwanda cha Barafu Mwambao, Kasingirima, mwezi Mei 1994, na anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Ni miaka thelathini na moja na ushee. Muda wote huo amewapelekea barafu wavuvi na wachuuzi wa samaki, kuanzia Ujiji hadi Ilagala, na hakuna samaki aliyewahi kuoza kwa sababu yake. Mara moja tu ilibaki kidogo. Habari hiyo tunaiandika leo kwa ruhusa yake mwenyewe, aliyoitoa baada ya kuombwa mara nne.

Mzaliwa wa Mwamgongo, alikuja mjini kwa boti akaajiriwa kama mpakiaji. Alijifunza udereva, akapata leseni, na mwaka 1999 akakabidhiwa pikapu nyeupe ambayo wengi wetu tumeikuta na huenda tukaiacha. Aliipenda pikapu hiyo kuliko watu wengine wanavyowapenda wakwe zao. Kila asubuhi aliifuta vumbi na kuisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kabla hajatusalimia sisi.

Tatizo lilikuwa saiti mira. Mwaka 2011, kwenye barabara ya Kasulu, kundi la ng'ombe lilimzunguka, na mmoja wao mwenye pembe ndefu akaondoka na kioo cha kushoto kikining'inia pembeni. Mzee Castory alimfuata kwa miguu karibu nusu saa. Mwaka 2016 kioo kingine kilibaki kwenye nguzo ya lango letu. Hapo hakukuwa na ng'ombe wa kusingiziwa, na hakumsingizia yeyote. Meneja wetu, Bwana Gasper, alimwita ofisini akamwambia kwa upole kwamba kikivunjika cha tatu, atahamishiwa getini.

Cha tatu alikivunja jogoo. Mama Esther, anayetuuzia chai nje ya geti, alikuwa na jogoo mwekundu aliyeitwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alimwona jogoo mwenzake ndani ya kioo cha kulia, akaamua kiwanda hakiwatoshi wote wawili. Mzee Castory alianza kuvivisha vioo soksi kila alipoegesha. Siku moja ya Machi 2019 alisahau, na alipotoka kunywa chai alikuta vipande chini na Mwenyekiti juu ya boneti, akiwika.

Kioo kipya kiliagizwa Dar es Salaam bila Bwana Gasper kujua, kikaja kwa treni baada ya wiki tatu. Kilikuwa cha kushoto.

Asubuhi hiyohiyo kilipofika, ikapigwa simu kutoka Ilagala. Migebuka ilikuwa imevuliwa kwa wingi usiku kucha, barafu iliyokuwepo imeisha, na akina mama waliokwisha kununua walitaka nyingine kabla ya saa tano. Bwana Gasper alikuwa kikaoni. Mzee Castory aliangalia barafu, akaangalia tundu pale kioo kilipokuwa, akaenda bafuni kwake, hapo jirani, akarudi na kioo chake cha kunyolea ndevu, cha duara, chenye fremu nyekundu ya plastiki. Alikifunga kwa mpira wa tyubu. Akainama karibu, akaiona pua yake kubwa na safi kabisa, akaridhika.

Mwandishi wa wasifu huu, yaani mimi, mtunza stoo Scola, ndiye aliyekuwa abiria. Tulipotoka getini Mzee Castory alikitazama kioo mara mbili tatu. Mwishowe akasema, "Scola, nyuma yetu kuna mtu anaendesha baiskeli miguu juu."

Niligeuka. Mtu yule alikuwa sawa, baiskeli yake sawa.

"Na mbuzi nao?" akauliza.

Hatukujua wakati ule kwamba kioo cha kunyolea hukuza kilicho karibu na kupindua kilicho mbali. Tulichojua ni kwamba barabara yote ya nyuma ilikuwa imening'inia kutoka angani. Mzee Castory alipunguza mwendo hadi bajaji zikatupita, na mimi nikawa natoa kichwa dirishani na kutangaza yanayokuja.

Karibu na Simbo trafiki mmoja alitusimamisha. Alikisogelea kioo, akaona kitu kati ya meno yake, akakitoa kwa ukucha. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akajiona kofia chini viatu juu. Alishika kofia.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Shikamoo, afande," akasema Mzee Castory, ingawa afande alikuwa umri wa mwanawe wa mwisho. Alikuwa amechanganyikiwa.

Gari lilizuiwa. Maji ya barafu yalianza kudondoka kwenye lami, na nilimwona Mzee Castory akiyatazama kama mtu anayetazama mkate wake ukianguka ziwani. Akaniambia taratibu kwamba getini si kubaya, kuna kivuli. Ndipo nilipojua jinsi alivyoumia.

Hakukaa hapo kuumia. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Yona, fundi wa fremu za picha. Mzee Castory alibandua kava la boksi la majani ya chai, akalikata kwa kufuata umbo la nyumba ya kioo kilichovunjika, akampelekea. Yona alikata kioo bapa cha kujitazamia kwa almasi, wakasugua kingo kwa msasa, wakakibandika kwa silikoni na kukizungushia utepe wa karatasi wenye gundi mpaka kishike. Trafiki mwenyewe alisimama nyuma ya gari kuhakikisha anaonekana miguu chini. Alionekana.

Tulifika Ilagala saa tano kasoro dakika sita. Barafu ilikuwa imepungua robo, lakini migebuka yote iliokoka. Jioni Mzee Castory alikwenda mwenyewe kwa Bwana Gasper akamweleza yote, jogoo hadi mbuzi. Bwana Gasper alitoka nje, akaketi kwenye usukani, akatazama kioo kipya, kisha akaomba aonyeshwe na kile cha kunyolea. Alikaa mle muda mrefu, mabega yakimtikisika. Suala la getini halikutajwa tena.

Tangu siku ile hatujaagiza kioo. Mzee Castory amekata na kubandika saiti mira kumi na nne za magari ya Kigoma, na ametuachia vipimo vya maboksi stoo, kila kimoja na jina la gari lake.

Sasa anarudi Mwamgongo, kijiji kisicho na barabara hata moja ya gari. Mama Gloriose, mkewe, ametuambia kwa simu kwamba amemzoea mume wa mwisho wa wiki, na wa siku saba hana uzoefu naye.

Asante, Mzee Castory, kwa kila tani uliyoifikisha. Tunakuombea afya, usingizi usio na kengele, na ziwa tulivu mlangoni pako. Na Mama Gloriose tunamwombea subira.