Ubongo wa Dinosaria

Mpiga eksirei wa hospitali alipanda treni akiwa bado na koti lake jeupe, furaha imemjaa tele. Asubuhi alikuwa amepiga picha fuvu la dinosaria mla nyama lililoletwa kutoka makumbusho, na ilibidi amwambie mtu. Kando yake aliketi fundi cherehani, mama asiyemjua.

“Mama, nimeuona ubongo wa dinosaria!”

“Si ulioza zamani, mwanangu?”

“Nafasi yake imebaki ndani ya fuvu. Sehemu ya kunusa ni kubwa ajabu!”

“Na ya kufikiria?”

“Ndogo kidogo,” akakiri.

“Basi alikuwa mjinga.”

“Mjinga angetawala miaka yote ile?”

“Kwani hujawahi kuona?”

Behewa zima likaangua kicheko. Treni ikasimama, mpiga eksirei akateremka akijifuta machozi ya kicheko, akipiga kelele dirishani, “Jibu ninalo, mama! Subiri!”