Somo la Hiari

Katika basi la kwenda katikati ya Pittsburgh, mama mmoja mwenye koti jekundu, kwenye kiti cha mbele yangu, alikuwa akimlalamikia mzee asiyemjua, kwa kuwa tu mzee huyo alikaa dirishani na hakuwa na pa kukimbilia.

"Eti masomo ya hiari," alisema. "Nilimwambia binti yangu Colleen achukue kompyuta, wenzake wote wanaandika programu. Yeye kachagua kubuni viti! Viti, mzee wangu! Kwani watu wamekosa pa kukaa?"

Mzee alijisogeza kwenye kiti cha basi, kigumu kama ubao wa kukatia nyama. "Kwa kweli, aliyebuni hiki alikuwa mtoro darasani."

Nilicheka, nikajifanya nakohoa.

"Usimtetee," mama alimwambia mzee. "Asubuhi nimepiga simu shuleni, nimembadilishia. Jumatatu anaanza kompyuta."

"Sasa hiari iko wapi hapo?"

"Si ndiyo hiyo? Ni somo la hiari."

"Hiari ya nani?"

Mama alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni, ingawa ndani kulikuwa na joto. "Na wewe enzi zako ulichagua nini?"

"Useremala. Nilitengeneza kiota cha mbao, hakuna ndege aliyekubali kuingia. Wewe je?"

"Kupiga taipu."

"Ulikuwa unapenda?"

"Kupenda wapi! Alinichagulia baba," alijibu upesi, halafu akayasikia maneno yake mwenyewe.

Basi likasimama. Mlango ukafunguka, tukashuka, kila mtu kwa hiari yake.