Fumua Hadi Kwapani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, karakana yetu ya masweta inaagana na mfanyakazi wake wa siku nyingi kuliko wote. Ametumikia miaka thelathini na mmoja na miezi minne bila kuhama meza: ile ya dirishani, iliyowekewa kipande cha kigae chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Tunamwita Mama Kwapa. Mgeni akisikia hushtuka, akidhani tunamtusi mtu mzima. La hasha. Jina hilo ni la heshima, na nitaeleza lilikotoka, maana kosa lililolizaa ni langu.

Alianza kwa kuosha sufu na kuviringa uzi. Hazikupita siku nyingi akakabidhiwa kazi ya umbo, pale sweta linapoacha kuwa gunia na kuwa nguo. Mkono wa sweta huanza mwembamba kwenye kifundo cha mkono, unaongeza kitanzi kimoja kila upande, unafuma mistari kadhaa, unaongeza tena kimoja, mpaka uenee. Ukifika kwapani unaanza kupunguza hadi begani. Kufuma moja kwa moja kila mtu anaweza, yeye husema, kazi iko pembeni. Kila mstari aliopunguza au kuongeza aliufunga kipande cha uzi mwekundu. Sisi wengine tulihesabu kwa mdomo. Yeye alituambia mdomo husahau ukisalimiwa tu.

Mwaka wangu wa kwanza tulipewa kazi ya masweta ishirini ya wauguzi, yale ya kufungua mbele. Kila moja lina vipande viwili vya mbele, cha kushoto na cha kulia, na vinatofautiana kwa upande unaopunguza vitanzi. Mimi nikachukua kipande kimoja kuwa mfano, nikakifuata kwa uaminifu wote alionijalia Mungu. Nilifuma vipande arobaini. Vyote vya kushoto.

Vilipopangwa mezani, karakana nzima iliangua kicheko. Mmoja akauliza kama wauguzi hao wana upande mmoja tu. Msimamizi hakucheka. Alisema jioni hiyo nichukue vitu vyangu. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi minane, na kazi nyingine sina.

Mama Kwapa aliinuka, akapapasa kipande kimoja, akamwomba msimamizi naye akiguse. Akamwonyesha kwamba chini kote kushoto na kulia ni kitu kimoja, havitengani mpaka ufike kwapani. Kisha akanigeukia: “Fumua hadi kwapani, mwanangu. Usifumue zaidi.” Tulikaa siku mbili, yeye akifumua vile ishirini, mimi nikifuma upya na kupunguza upande wa pili. Masweta yalikwenda kwa wakati, na mimi nikabaki. Tangu hapo sijamsahau katika sala hata siku moja.

Neno lile likawa dawa ya kila kitu. Wawili wakigombana na kuanza kufukua ya miaka mingi nyuma, aliwaambia wafumue hadi kwapani, yaani warudi pale mambo yalipoharibikia, wasivuke. Ndipo jina likamganda. Amefundisha kumi na tisa kati yetu, na hakuna aliyeondoka mezani kwake ameaibishwa.

Linalofuata nimeliandika kwa ruhusa yake. Mwaka huu macho yake yamepungua nguvu. Mwezi wa tatu niliona mezani kwake mkono wa sweta wenye nyuzi nyekundu upande mmoja tu: huku umepunguzwa, huku umesahauliwa. Nikauficha chini ya aproni yangu, nia yangu niutengeneze msimamizi asijue. Aliniona. Alikuja, akanyoosha mkono, nikampa. Akaufumua mbele ya watu wote, taratibu, mpaka kwapani, akakoma. Kisha akanipa mimi nimalizie. Kesho yake alipeleka barua ya kustaafu. Nilikwenda kulia stoo, kati ya magunia ya sufu, maana nilidhani namsitiri, kumbe yeye hakuwa na la kuficha.

Meza ya dirishani nimepewa mimi. Naogopa, sioni haya kusema. Jana nimeikuta na mkono mmoja wa sweta kwenye sindano, umefumwa mpaka kwapani, uzi mwekundu umefungwa pande zote mbili, hata kitanzi kimoja hakijapunguzwa. Ameniachia yeye. Nimeelewa.

Mama, asante. Ulituongezea tulipokuwa wembamba, kidogo kidogo, mpaka tukaenea. Sasa nawe punguza, bila haraka, kimoja kila upande, hadi bega lipumzike. Mwenyezi Mungu akutunzie macho hayo na akujaalie siku za amani na wajukuu. Meza haitayumba, kigae kipo mahali pake. Jumatatu, inshallah, nitaanzia kwapani.