Mguu Ulioandikwa Risasi

Mguu wangu wa kushoto ulipondwa na waya wa winchi bandarini, lakini kwa miaka miwili karatasi ya hospitali ilisema nilipigwa risasi. Ndugu zangu wa kikundi chetu cha walemavu, mmeniomba nieleze nilivyopata pensheni ya ulemavu. Nitaeleza kwa mpangilio, na majina nitayaacha.

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo. Asubuhi ile tulikuwa tunapakua saruji iliyotoka Kigoma, bunduki zinalia upande wa Ruziba, pembeni mwa mji, kama siku nyingine zote za vita. Waya ukakatika. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kibarua wa kubeba mifuko palepale, alinipakia kwenye teksi. Hospitali ya kwanza ilitaka dhamana kabla ya kunigusa. Dereva akatuambia iko nyingine inayotibu bure majeruhi wa vita. Tulipofika, sista aliuliza nimepatwa na nini.

“Risasi,” shemeji akasema.

“Tundu liko wapi?”

“Limeenda na nyama, sista.”

Suruali yangu ilikuwa imelowa grisi. Sista aliitazama, akamtazama shemeji, kisha akaandika. Walinikata chini ya goti, nikapona. Mnacheka, na mimi leo nacheka.

Kicheko kiliisha nilipopeleka dosiye, faili la karatasi zangu, kwenye ofisi ya pensheni. Mwajiri alikuwa ameandika ajali ya kazi, hospitali imeandika risasi. Madamu wa dirishani aliziweka karatasi mbili sambamba.

“Mzee, hapa tunalipa ajali ya kazi. Vita si kazi.”

Nilirudi nyumbani nikanyamaza kwa miezi mingi. Mke wangu alikaanga mandazi ya kuuza, mimi nikawa mtu wa kugombana na watoto kwa sababu ya kijiko. Nawaambia ukweli, mguu haukuniangusha kama ukimya ule. Nikisema tulidanganya, nilifikiri, hospitali itamdai shemeji, labda wamfunge. Nisiposema, pensheni hakuna.

Baadaye nikakutana na bwana mmoja nje ya ofisi, mwenye mihuri mfukoni. Aliahidi kunitengenezea karatasi mpya ya hospitali. Nilimweleza mke wangu kwa furaha. Hakuacha kukanda unga.

“Ule uongo wa kwanza ulikuwa wa kuokoa roho yako. Na huu ni wa nini?”

Bwana wa mihuri sikumrudia. Kesho yake nikamwendea shemeji, nikamwambia hatari yote bila kuficha.

“Mi ndiye nilisema,” akajibu. “Mi nitaenda kusema tena. Vaa kiatu chako kimoja twende.”

Dirishani, madamu alimkazia macho.

“Weye ndiye ulidanganya sista?”

“Ni mimi, madamu. Kama ni kaka yako anatoka damu vile, we ungesema nini?”

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka, ila alivuta karatasi. Shemeji alieleza, mimi nikaandika, yeye akatia kidole gumba. Wiki chache baadaye niliitwa mbele ya daktari wa ofisi. Alisoma maelezo yetu, akainua kwenye mwanga wa dirisha picha ya eksirei niliyokuja nayo, ya mfupa kabla haujakatwa.

“Risasi haipondi hivi,” akasema. “Hiki ni chuma kizito.”

Picha hiyo nilikuwa nayo chini ya godoro miaka miwili yote, na sikuwahi kumwonyesha mtu. Alhamdulillah, pensheni ilikubaliwa. Si nyingi, lakini inakuja, na kijiko kikipotea sasa tunakitafuta pamoja.

Namshukuru sista aliyeandika, madamu aliyevuta karatasi, daktari, na mke wangu kwa swali lake. Nanyi mnaoandaa dosiye, tunzeni kila karatasi na kila picha, na penye kosa lisemeni mapema kwa mdomo wenu.

Shukrani kubwa ni ya shemeji. Siku ile ya kidole gumba, madamu alimuuliza namba yake ya uanachama wa pensheni aiandike pembeni.

“Apana, madamu. Mi ni kibarua wa kila siku, sina namba.”

Madamu aliiacha nafasi ile wazi. Tangu hapo shemeji ameenda kwa msimamizi wa bandari mara tatu kuomba aandikishwe, na mara tatu ameambiwa watatazama. Leo hayupo hapa kwa sababu meli imeingia. Yuko chini ya winchi, na jina lake bado halimo.